Uzi: Nimemaliza The Fault in Our Stars na sijawahi kuona mwisho mtamu kama ule

NyarManyatta, Kisumu (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu wasomaji.

Jana usiku nimemaliza The Fault in Our Stars ya John Green na usingizi ukanipaa. Najua wengi wenu mlikisoma kitambo. Kitabu ni cha 2012, filamu ikatoka 2014, na mimi wakati huo nilikuwa nacheza kati uwanjani, meno ya mbele sina. Lakini vitabu vya mapenzi hutufikia huku vikishapita mikono kumi. Changu nilikipata kwa shilingi 100 kwa mzee anayetandaza vitabu juu ya gunia kando ya barabara ya Oginga Odinga. Jalada la buluu, lina duara la kikombe cha chai, na ndani mtu ameandika kwa kalamu nyekundu "Usikopeshe mtu".

Kwa ambaye hajakisoma: Hazel ana miaka 16, anaishi Indianapolis, Marekani. Kansa ilianzia kwenye tezi ya shingo ikashuka mapafuni, kwa hiyo kila aendako anaburuta mtungi wa oksijeni. Augustus ana 17, mguu mmoja ulikatwa kwa sababu ya kansa ya mfupa. Wanajuana kwenye kikao cha vijana wagonjwa, katika chumba cha chini cha kanisa. Wanapendana. Hazel naye ana kitabu anachokiabudu, na kitabu hicho kinakatika katikati ya sentensi, kwa kuwa msichana anayesimulia ama amekufa ama amezidiwa. Hazel anataka kujua waliobaki walipatwa na nini, hasa mama wa yule msichana. Wanasafiri hadi Amsterdam kumuuliza mwandishi. Mwandishi ni mlevi asiye na adabu.

Sasa hapa ndipo nilipomvulia John Green kofia. Gus (ndiye Augustus) anazidiwa tena, anawaomba rafiki yake Isaac na Hazel wamsomee maneno ya mazishi akiwa bado hai, ayasikie kwa masikio yake mwenyewe. Hazel anasimama, anaanza habari za namba zilizo kati ya sifuri na moja, na papo hapo kitabu kinakwisha. Katikati ya sentensi! Hata nukta hakuna. Yaani ametufanyia sisi kile kile alichofanyiwa Hazel. Nilikifunga, nikakifungua tena, nikacheka peke yangu gizani mpaka mama akaniuliza nina nini.

Hatuambiwi kama Gus anakufa. Hatuambiwi mama yake Hazel atakuwa mgeni wa nani siku mtoto akiondoka. Mnauonaje mwisho huo? Na huyo mama mnadhani atapatwa na nini? Nina sababu zangu za kuuliza la mama.

JembeLaNjoro, Nakuru

Niacheni niwe mbaya wa uzi huu. Kitabu kimetiwa chumvi hadi kikawa cha kukausha samaki.

Hakuna kijana wa miaka 17 anayeongea vile. Nimelala bweni moja na wavulana themanini kwa miaka mitatu na neno "sitiari" sijalisikia nje ya mtihani. Gus anaweka sigara mdomoni haiwashi, eti kitu cha kukuua umekishika kwa meno lakini hukipi nafasi ya kukuua. Huku kwetu ukishikwa na sigara, iwe inawaka ama haiwaki, unaenda nyumbani kuleta mzazi. Simama mbele ya naibu wa mwalimu mkuu umweleze sitiari, tukuone.

Halafu Amsterdam. Mimi niko mzima na hata Mombasa sijafika.

Kilichonifurahisha ni yule mwandishi mlevi tu. Angalau yeye alisema anachofikiria.

Binti58, Nakuru

Jembe, wewe huwa unapenda kitabu gani, tuambie siku moja.

Nimekisoma mara tatu. Kuhusu kuongea: John Green kabla ya kuanza kuandika vitabu aliwahi kufanya kazi ya kuwafariji wagonjwa katika hospitali ya watoto, na kitabu hiki amekitabaruku kwa Esther Earl, msichana aliyekuwa rafiki yake, aliyekufa 2010 akiwa na miaka 16 kwa kansa ya tezi. Mwenyewe alisema Hazel si Esther. Lakini huwezi kusema hajawahi kukaa na watoto kama hao akawasikiliza. Mtoto aliyelala hospitali miaka mitatu amesoma vitabu vingi kuliko bweni lenu lote, Jembe. Atakosaje maneno?

NyarManyatta, karibu kwa walioathirika. Mimi mazishini ndipo nilipokwisha kabisa. Ilibidi nifunike kitabu nikaoshe uso.

NyarManyatta

Asante Binti. Mazishi yapi? Yale ya kujifanya?

HesabuTu, Kakamega

Kabla hamjaendelea kulia, mimi nina ugomvi na Hazel kuhusu zile namba. Anasema kati ya 0 na 1 kuna namba zisizo na mwisho, kweli. Halafu anasema kati ya 0 na 2 ni nyingi zaidi. Hapana! Chukua namba yoyote iliyo kati ya 0 na 1, izidishe mara mbili, utapata mwenzake kati ya 0 na 2. Kila mmoja ana mwenzake, hakuna anayebaki bila jozi. Kwa hiyo ziko sawa.

Kwamba kuna idadi zisizo na mwisho zinazozidi nyingine, hilo ni kweli, Mjerumani Georg Cantor alilithibitisha 1874. Desimali zote ni nyingi kuliko namba za kuhesabia moja, mbili, tatu. Wazo la Hazel ni sahihi, mfano ndio mbovu. Kwenye karatasi ya hesabu angepata nusu ya alama.

JembeLaNjoro

Nusu? Kwa mwalimu wetu angepata sifuri, na isiyo na mwisho.

NyarManyatta

HesabuTu, hilo la mara mbili linatoka wapi? Kwangu ameishia kwenye sifuri na moja. Sentensi yenyewe hakuimaliza.

Kiboko_wa_Dunga, Kisumu

Ngoja. Ngoja kwanza. Jamani wote nyamazeni kidogo.

NyarManyatta, chukua kitabu chako. Kigeuze, angalia upande wa mgongo, pale karatasi zinaposhikana. Baada ya ukurasa wa mwisho kuna nini?

Binti58

Wueh. Kiboko, unafikiria ninachofikiria?

NyarManyatta

Kuna gundi. Imekauka. Na nyuzi mbili zinaning'inia.

Aki hapana.

JembeLaNjoro

HAHAHA aki nisameheni, nimecheka mpaka babangu ametoka nje na tochi.

NyarManyatta

Kwa hiyo tangu jana nasifia gundi.

Kiboko_wa_Dunga

Usijisikie vibaya dadangu. Kurasa kama hamsini hivi zimeng'oka. Huyo mzee namjua, mimi aliniuzia kitabu cha upelelezi ambacho muuaji alikuwa kwenye kurasa zilizong'oka. Hadi leo nawashuku wote.

Ila nikuambie ukweli, umekisoma vizuri kuliko sisi. Sisi tuliopewa kurasa zote, nani alikaa akafikiria kwamba Green angeweza kukata pale? Na pale pangefaa. Kwa kweli pangefaa.

HesabuTu

Samahani kwa kukumwagia mtama wa 0 na 2. Mengine yote ninayameza.

NyarManyatta

Msiniambie lolote. Nawaomba. Binti58 ametaja mazishi, nimejifanya sijasikia, nimeamua ni mazishi ya nyanya ya mtu. Hadi nipate kurasa hizo, tuongee ya kabla ya gundi tu.

Mama_Kitale

Wanangu, poleni kwa kuingilia. Mimi ni mzazi. Nilikichukua kitabu hiki kwenye begi la binti yangu wa fomu mbili ili nikikague, nikakikagua mpaka saa nane usiku, machozi yananidondokea kwenye ugali wa kesho. Kwa hiyo siwezi kusema hakina kitu.

Lakini kuna mambo mawili. Moja, wale watoto kule hotelini Amsterdam. Mmoja ana miaka 16 jamani, na mama amekuja safari hiyo hiyo! Mimi ningelala mlangoni kama mlinzi. La pili, kubusiana ndani ya nyumba ya Anne Frank. Yule mtoto alijificha mle na jamaa zake miaka miwili, 1942 hadi 1944, wakakamatwa, akafia kambini. Watu wanaenda pale kwa heshima. Ninyi mnapanda ngazi mnaenda kubusiana, na watu wanapiga makofi?

JembeLaNjoro

Mama umesema. Hapo hata mimi nilikiweka kitabu chini.

Kiboko_wa_Dunga

Mama, kwa heshima, sisi watu wa magharibi ya Kenya tusianze kurusha mawe. Nusu ya wapenzi wa kwetu wamejuana kwenye disko matanga, marehemu yuko kwenye hema, spika zinatetemesha migomba, na watoto wa shule wanashikana viuno gizani. Serikali inapiga marufuku kila mwaka na kila mwaka jenereta inawashwa. Hazel alikuwa amepanda ngazi zile zote na mapafu yasiyovuta hewa. Kifo alikuwa nacho mgongoni. Mimi naona alikuwa na haki pale kuliko watalii.

Mama_Kitale

Disko matanga ni aibu nyingine, usiifanye kuwa kipimo, mwanangu. Lakini hilo la ngazi nimelisikia.

Binti58

Mimi la makofi tu ndilo lilinishinda. Wakenya wasingepiga makofi. Wangetoa simu.

MwalimuMaragoli, Vihiga

Wanangu hamjambo. Nimefundisha Fasihi miaka thelathini na mitatu na nimenyang'anya vitabu vya mapenzi vingi kuliko kuku wa Kakamega, vyote vimefichwa ndani ya atlasi. Vingine nilivirudisha baada ya kuvisoma. Hiki sikukinyang'anya, nililetewa na mjukuu.

Ninawauliza kitu kimoja, kwa kuwa sijaona yeyote akikigusa: jina. Limetoka kwa Shakespeare, kwenye Julius Caesar. Cassius anamwambia Brutus kwamba kosa si la nyota zao, kosa ni lao wenyewe wanaokubali kuwa watu wa chini. Tamthilia hiyo tunayo kwa Kiswahili tangu 1963, na mfasiri alikuwa Julius Nyerere, tena akiwa rais. Hebu fikirini rais anayerudi jioni kutoka ofisini akakaa kutafuta neno la Kiswahili la kumfaa Cassius.

Kijana wa sasa angekiita kitabu hiki nini kwa Kiswahili?

JembeLaNjoro

"Nimeibiwa Nyota."

HesabuTu

"Kosa la Nyota." Lakini mwalimu, Green ameligeuza jina, sivyo? Cassius anasema kosa ni letu. Hazel hakufanya kosa lolote. Hakuvuta sigara, hakula vibaya, alipata kansa akiwa na miaka 13. Kwa hiyo Green anamjibu Shakespeare kwamba mara nyingine ni nyota kweli.

MwalimuMaragoli

Ndivyo. Na yule mwandishi mlevi ndiye anayeyasema hayo, kwenye barua yake, kwamba Shakespeare alikosea hapo. Umesoma vizuri. Nakumbuka darasa zima ambalo halikuliona hilo.

Binti58

Mwalimu, kwa Kiswahili nyota ina mambo mengi kuliko kwa Kiingereza. Nyota njema huonekana asubuhi. Mtu ana nyota ya kupendwa. Mtu nyota yake imefunikwa. Ukisema "kosa la nyota" huku kwetu nyanya ataanza kuuliza ni jirani yupi. Tutamaliza kitabu kizima tunamtafuta aliyeroga.

NyarManyatta

Hapo Binti58 umenigusa, basi niseme sababu yangu ya kuuliza kuhusu mama.

Mimi nina selimundu (sickle cell, ule ugonjwa wa damu wa kurithi). SS. Niko nyumbani kwa sababu muhula huu maumivu yamenishika mara mbili, na ya pili nililala "Russia" siku sita (walio nje ya Kisumu, hiyo ni hospitali kuu, tunaiita hivyo kwa sababu Warusi ndio waliosaidia kuijenga). Kwa hiyo nilipoona kitabu cha msichana mgonjwa na mvulana, sikukinunua kwa ajili ya mapenzi. Nilitaka kuona kama wanaongea ukweli.

Mengine ni ukweli mtupu. Kikao cha wagonjwa, watu wamekaa duara, kila mmoja anataja jina na ugonjwa wake kama wanaofanya usajili. Kuchukia neno "shujaa". Isaac kuachwa na Monica kabla hajaondolewa jicho, kwa kuwa msichana hakutaka kumwacha akishakuwa kipofu. Hilo linatokea. Kuna kijana wa mtaani kwetu tulikuwa tunaandikiana vizuri tu, shangazi yake akamwambia yule ni wa hospitali, na jumbe zikawa fupi fupi mpaka zikabaki alama ya kidole gumba. Simlaumu sana. Nilitamani tu mayai ya kurushia gari, kama Isaac, lakini kwao hawana gari, na mayai ni shilingi 15 moja.

Kuna mahali ambapo mimi na Hazel tunaachana. Hazel anasema yeye ni guruneti, siku moja italipuka, kwa hiyo anataka walio karibu wawe wachache. Mimi sijawahi kujiona guruneti. Mimi najiona deni. Mama anauza omena soko la Kibuye. Nikilazwa, meza inafunikwa na turubai. Siku sita, meza imefunikwa. Wateja wa omena hawakungoji, wanahamia meza ya pili. Hakuna anayepiga makofi hapo.

Ndiyo maana mama yake Hazel alinikera. Hana kazi, hana rafiki, yuko tu, kila saa yuko, anasherehekea hata nusu siku ya kuzaliwa. Nikawaza, huyu mama siku Hazel akifa anarudi kwa nani? Na Hazel mwenyewe anawaza hivyo hivyo. Ndilo swali lake lote kule Amsterdam, si la msichana wa kitabuni, ni la mama yake. Nikageuza ukurasa nipate jibu nikapata gundi.

Mama_Kitale

Mwanangu. Nimesoma mara mbili. Mama hahesabu vile unavyohesabu wewe. Nakuambia kama mama.

NyarManyatta

Asante mama. Lakini mtu lazima ahesabu. Mwenye nyumba anahesabu.

JembeLaNjoro

Nimerudi kusoma nilichoandika kuhusu Amsterdam na mimi kuwa mzima. Nimekiacha pale ili kila mtu anione nilivyo. Pole, NyarManyatta. Na yule wa kidole gumba, tuko nyuma yako na trei nzima.

NesiBusia

Habari za jioni. Mimi ni muuguzi, kwa kawaida nakuja hapa kusoma hadithi tu.

Nimefurahi selimundu imetajwa kwa jina, kwa sababu kanda hii ya ziwa na magharibi ndiko iliko nyingi zaidi nchini, na bado watu wanaongea kwa kunong'ona. Sababu yake hasa ni malaria. Mwenye chembe moja ya urithi wa selimundu, AS, malaria kali haimwezi kirahisi, kwa hiyo chembe hiyo ikadumu vizazi na vizazi mahali penye mbu. Mtu akizirithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ndiyo SS. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Kila mimba, narudia. Sijui niliwaambia wangapi kwamba "tumeshampata yule mmoja kati ya wanne" si hesabu.

Kwa hiyo Binti, aliyesema nyanya atamtafuta aliyeroga, kazi yangu nusu ni hiyo. Kumweleza nyanya kwamba hakuna jirani.

Na wewe NyarManyatta: maji, usipigwe na baridi, na hizo dawa za kila siku usiziruke hata ukijisikia mzima. Najua unajua. Nasema tu kwa kuwa kazi haiishi nikivua sare.

NyarManyatta

Asante nesi. Nazimeza. Kwenye kitabu dawa inayomweka Hazel hai ni ya kubuni, Green mwenyewe amekiri. Nilipoisoma hiyo nilicheka. Yangu ipo kweli na siku nyingine ndiyo haipatikani.

Omwami_Mdogo, Bungoma

Mimi sijakisoma kitabu, nimeona filamu tu, niliipata kwa kibanda cha muvi kwa bob 50. Lakini naomba kusema kuhusu mazishi ya kujifanya, kwa sababu nimebishana na dadangu wiki nzima.

Huku kwetu huwezi. Ukisema "marehemu" na mtu amekaa pale anakunywa chai, wazee watakufukuza na fimbo. Ni kumwita kifo kwa jina. Lakini nenda kwenye matanga yetu usikie: marehemu alikuwa mcha Mungu, marehemu alipenda watu, marehemu hakuwahi kukosana na yeyote. Na wewe unajua walikuwa na kesi ya mpaka wa shamba tangu 1998! Wanaomsifu ndio waliomshtaki! Babu yangu alikufa hajawahi kusikia hata sentensi moja kati ya zile zilizosomwa kwenye ile karatasi yenye picha yake. Kurasa nane, za rangi. Alikuwa anapenda sana kusifiwa, mzee yule.

Kwa hiyo naona Gus aliwazidi akili.

MwalimuMaragoli

Karatasi ya mazishi ndiyo riwaya inayosomwa zaidi magharibi ya Kenya. Na yenye ubunifu mwingi zaidi.

Binti58

Na Isaac pale alifanya vizuri, hakumsifu tu. Alimtukana kwanza. Alisema Gus alikuwa anajipenda kupita kiasi. Ndiyo nikaamini ni rafiki.

Sasa sikilizeni. NyarManyatta, kitabu changu kizima kiko hapa, kurasa zote nimezihesabu kwa ajili yako. Kesho asubuhi nampa mdogo wangu akipeleke steji kwa matatu za Kisumu. Nitakuandikia faraghani tupange, usiweke namba yako ya simu hapa.

Kiboko_wa_Dunga

Si angempigia picha tu zile kurasa hamsini?

Binti58

Halafu asome mazi… halafu asome kwenye simu iliyopasuka kioo? Hapana. Huyu amesubiri vya kutosha. Aisome kwenye karatasi.

JembeLaNjoro

"Mazi" ya nyanya ya mtu. Endelea.

NyarManyatta

Sioni kitu, sisikii kitu.

NyarManyatta (siku tatu baadaye)

Kimefika. Kilikaa steji saa nne, kimeandikwa "DAWA" juu ya bahasha ili kisichezewe. Binti58, wewe ni mwerevu wa hatari.

Nimemaliza. Safari hii kwa kweli, kuna nukta.

Sitasema mengi kuhusu Gus. Nilijua, nadhani nilijua hata kwenye gundi. Kilichoniuma hakikuwa mazishi, kilikuwa ile ya usiku kwenye kituo cha petroli, alipoenda mwenyewe kununua sigara ili afanye kitu kimoja peke yake, na akashindwa. Ndiyo, najua hiyo ni ya kabla ya gundi. Lakini nimeirudia. Jembe, ile sigara uliyoicheka, isome tena ukiwa hapo.

La mama: mlinificha vizuri, asanteni. Kwa walio na kitabu kilichong'oka kama changu, rukeni aya hii. Kumbe mama alikuwa anasoma kozi kwa siri, anataka kuwa mtu wa kusaidia familia zenye wagonjwa, na alimficha Hazel asije akafikiri wanapanga maisha ya bila yeye. Hazel anafurahi mpaka analia. Nitakuwa mkweli. Mimi ningekasirika kwanza. Siku nzima. Halafu ndiyo ningefurahi, labda jioni.

Nilimsomea mama ile sehemu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua omena, anatoa vijiwe na vile vidagaa vilivyovunjika, mimi nasoma Kiingereza natafsiri kwa Kijaluo, napotea, narudi. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akauliza, "Na karo ya hiyo kozi alitoa wapi?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

Akasema, "Basi na yeye hakumaliza."

JembeLaNjoro

Mama aingie kwenye uzi. Nitampisha kiti changu cha mbaya.

MwalimuMaragoli

Nitaandika sentensi hiyo ya mama ubaoni, kama ningekuwa bado na ubao.

NyarManyatta

Binti58, kitabu chako kinarudi Ijumaa na matatu ya asubuhi. Nimekifunga kwa plastiki mbili lakini kina harufu ya omena, unisamehe. Kile changu cha gundi sikiuzi.